Unampisha Nani

Nakutegea wewe uliyekaa hapo, na usiangalie pembeni kutafuta msaada. Nimetoka asubuhi, nimevuka madaraja saba, nimepanda mlima nikashuka, nimepita mji wenye taa nyingi kuliko Tanga na Dar es Salaam zikiunganishwa, na niliporudi mkeka niliokalia ulikuwa bado una joto langu. Ni nini hicho?

Umeshindwa. Basi nipe mji. Hapana, Dar nimeshapewa mara nyingi na sijui niifanyie nini. Nipe Lushoto, na baridi yake na moshi wake wa asubuhi, nikae humo nikueleze habari za Mwanamisi na mumewe Ismaili, maana jibu liko sebuleni kwao.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya mji, njia ya kwenda Magamba, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati lililoanza kushika kutu pembeni. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa mlango na kila kitu kikaingia kwa pamoja. Mtu alikwenda sokoni kununua chumvi akakuta panauzwa viatu vya mitumba, redio zilizotumika Dubai, na simu za mkononi ambazo zilishika mtandao ukipanda juu ya jiwe fulani nyuma ya msikiti. Kampuni ya malori ambayo Ismaili aliiendeshea tangu ndevu zake hazijaota vizuri ilikufa bila hata kutangaziwa msiba. Yakaja mafuso ya watu binafsi, naye akaajiriwa na tajiri mmoja wa mboga kubeba kabichi, karoti na plamu kutoka milimani kupeleka Dar. Kwa jumla alishika usukani miaka arobaini na moja, na kwa miaka hiyo yote barabara ya kushuka Mombo haikumvunjia hata kioo cha pembeni.

Kisha akaacha. Alirudi siku moja kutoka Mombo, akampelekea tajiri funguo zake, akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha kamba pale sebuleni. Miaka mitatu ikamkuta hapo hapo.

Waliomwuliza aliwaambia amechoka. Wakakubali, maana mtu wa miaka sitini na mbili ana haki ya kuchoka. Lakini Mwanamisi aliamini anajua zaidi yao. Kwa hesabu zake yeye, mumewe hakuchoka. Mumewe alinuna, na aliyemnunisha ni yeye mwenyewe, kwa ulimi wake.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Barabara ile ya kutoka Soni kushuka Mombo ina sheria yake ambayo haimo katika kitabu cha polisi. Anayeshuka akikaribia kona hupiga honi moja ndefu. Kama kuna anayepanda na mzigo, hujibu mbili fupi, na hapo anayeshuka hujibana pembeni, akangoja mpaka mwenzake apite. Gari lenye mzigo likisimamishwa mlimani, kuliondoa tena ni shughuli ya watu na mawe. Dereva asiyempisha anayepanda hakaribishwi chai na wenzake pale stendi, hata awe na gari jipya namna gani.

Siku ile ya mwisho Mwanamisi alipanda naye lori kwenda Mombo kumjulia hali dada yake. Alikaa mbele, kushoto kwa mumewe. Juu ya magunia ya kabichi walikaa wachuuzi wanne waliokuwa wakiwahi basi la Dar. Walipoipita Soni, kwenye kona moja walikutana na basi dogo uso kwa uso, likasimama limebakiza nafasi ya kupitisha mkono tu, na dereva wake akatoa kichwa dirishani akatukana matusi ambayo Mwanamisi hakuyarudia kwa mtu. Ismaili hakujibu neno. Alirudisha lori nyuma, akampisha, wakaendelea.

Kona mbili mbele yake, akapiga honi, akasimama. Akazima injini. Akafungua dirisha, akatoa kichwa nje, akangoja. Hapakuja gari. Hapakuja hata pikipiki. Ndege walilia, kabichi zikanuka jua, na wachuuzi kule juu wakaanza kuulizana kama dereva amelala. Akapiga honi tena, akangoja tena. Ndipo Mwanamisi akacheka, kicheko cha mke aliyezoeana na mumewe, akasema:

“Baba Nasra, unampisha nani? Jini?”

Wale wa juu walisikia, wakaangua kicheko mpaka gunia moja likaserereka. Ismaili aligeuka, akamtazama mkewe usoni kwa muda mrefu, hasa mdomoni. Aliwasha gari akashuka taratibu kama mwenye kubeba mayai, akipiga honi mfululizo kutoka pale hadi Mombo, kwenye kona na pasipo kona. Na jioni ile ndipo funguo zilipokwenda kwa tajiri.

Basi Mwanamisi akaunganisha mwenyewe. Nimemcheka mtu mzima mbele za watu, alijiambia. Nimemvunjia heshima kwenye usukani wake. Na mambo yaliyofuata yalimthibitishia hivyo. Aliuliza kutoka jikoni kama mumewe anataka chai au uji, na jibu halikuja. Alimwambia akiwa anafagia nyuma yake kwamba mvua inakuja, na mume akaendelea kutazama ukuta. Mara nyingine alimjibu la mbali kabisa. Alimwuliza kama amemwona mbuzi, akaambiwa kesho. Mwanamisi ana sauti ya chini, ndivyo mama yake alivyomlea huko Mlalo, kwamba mwanamke hapazi sauti hadi njiani kusikike. Kila asipojibiwa aliishusha zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mwenye hasira. Kuomba radhi alitaka, lakini angeombaje radhi kwa jambo ambalo mwenzake halitaji? Ismaili hakuonekana tena kwenye chai ya madereva. Msikitini alikwenda mapema kuliko wote, akashika safu ya mbele, nyuma ya imamu kabisa. Watu wakasema mzee amekuwa mcha Mungu. Mwanamisi alisema moyoni, amekuwa mcha Mungu kwa sababu nyumbani hana wa kuzungumza naye.

Mwaka wa tatu huo, Nasra akaja.

Nasra ndiye mtoto wao mmoja, waliyempata baada ya kungoja hadi majirani walipoacha kuuliza. Alikuwa ameolewa Tanga, na kule Barabara ya Tisa yeye na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya umeme vya mitumba. Nyuma ya duka waliweka banda la gemu, televisheni nne na mabenchi, vijana wa mtaa wakicheza kutwa. Mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama, hivyo Nasra alipofikisha miezi minane alipanda milima kuja kwao, miguu imevimba, na daktari amemwamuru apumzike. Alishuka kwenye pikapu na mzigo wa nguo za mtoto, televisheni ya inchi kumi na nne, na katoni la sabuni ambalo ndani yake hamkuwa na sabuni.

Alimwamkia baba yake shikamoo kwa sauti ya kuitia wateja, sauti iliyozoea kushindana na banda zima la vijana. Ismaili aliitika marahaba vizuri kabisa, akatabasamu. Mwanamisi aliyasikia hayo kutoka mlangoni, na ingawa alifurahi, kitu kilimchoma. Kumbe ulimi anao.

Katoni lilitoa mashine ya gemu, nyeusi, kubwa kama Msahafu wa msikitini. Nasra alieleza kwamba amekuja nayo ya kujipumzishia, maana kulala chali na kuhesabu mabati ya dari kungemtia wazimu. Akaiunga kwenye televisheni, akakaa kwenye mkeka, akaegemea mto. Ndani ya kioo ukatokea mji mzima na barabara zake, madaraja yake, bahari upande mmoja na milima upande wa pili. Kulikuwa na gari lako, na unaweza kulipeleka utakako. Ukitaka mashindano unaingia, usipotaka unatembea tu, hakuna anayekuuliza.

Siku ya kwanza Ismaili alitazama kutoka kwenye kiti chake bila neno. Siku ya pili alitazama akikunja uso. Siku ya tatu Nasra alikuwa anateremka mlima kwa kasi, gari linaruka kona kama mbuzi aliyekata kamba, na mzee uvumilivu ukamwishia.

“Mtoto wewe, mlima unashukwa na gia kubwa namna hiyo? Breki zitaungua.”

Mwanamisi, aliyekuwa akichambua maharage kizingitini, aliacha mkono ndani ya ungo. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizozisikia humo ndani tangu mfungo uliopita.

Nasra akamwambia kama anajua zaidi, aje aendeshe yeye. Akamnyooshea pedi ya kuchezea. Waya wake ulikuwa mfupi, haukufika kwenye kiti cha kamba. Ismaili alitazama waya, akatazama kiti, akashuka akakaa kwenye mkeka. Miaka mitatu kile kiti kilimshika, na kilichomtoa ni waya mfupi.

Swali lake la kwanza lilikuwa: honi iko wapi? Nasra alicheka mpaka akashika tumbo. Katika miaka minne ya banda la gemu, alisema, hajawahi kuona mteja aliyetaka kujua honi iko wapi. Wote huuliza pa kuongezea mwendo. Ilibidi ajaribu vitufe kimoja kimoja mpaka wakaipata. Ismaili akaipiga mara moja, ndefu, gari likiwa bado halijaondoka. Halafu akaondoka, akishika upande wa kushoto kama Mtanzania mwenye leseni, na magari yote ya mji ule yakamjia usoni.

“Tate, huko wanaendesha kulia,” Nasra alimpigia kelele, akimvuta bega. Tangu utotoni alimwita Tate, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kishambaa.

“Basi wote wamekosea,” akasema Ismaili.

Alijifunza kulia baada ya siku mbili, lakini mambo mengine hakubadilika. Aliposhuka mlima alitumia gia ndogo. Kwenye taa nyekundu alisimama, magari ya nyuma yakamgonga, akayasamehe. Alipotaka kupumzika aliegesha gari chini ya mti, kwenye kivuli, injini ipoe. Nasra alimwingiza kwenye mashindano siku moja ili afundishike. Walianza magari sita. Yakateremka yote kwa vumbi, na Ismaili nyuma yao akipiga honi kila kona. Njia ile ilifika bondeni ikageuza, kwa hiyo wale watano walipokuwa wanarudi kupanda, yeye alikuwa bado anashuka. Akajibana pembeni, akasimama, akawapisha wote watano.

Nasra alimwambia haya ni mashindano, hakuna kupishana.

“Anapanda na mzigo huyo,” akasema Ismaili.

“Tate, hilo ni gari jekundu la watu wawili. Mzigo gani?”

“Wewe umefungua buti ukaona hamna?”

Kutoka siku hiyo hawakumtia tena kwenye mashindano. Nasra akawa analala ubavu akisoma gazeti la zamani, na baba yake akawa anasafiri. Ile milima ya kwenye kioo aliipa majina. Mlima wenye mnara akauita Magamba. Daraja kubwa likawa Mombo, bahari ikawa Tanga. Alimwonyesha Nasra duara dogo la ramani kwenye pembe ya kioo, ambamo magari mengine yalionekana kama vidoti vinavyotembea, akasema hicho ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote. Kidoti unakiona kabla hujafika kona. Unajua nani anakuja hata kama mlima umewatenga. Laiti tungekuwa na kitu hiki kule Soni, alisema.

Na asubuhi moja, baada ya chai, jambo likatokea ambalo Mwanamisi hakulitegemea. Mumewe alipita jikoni, akasimama mlangoni, akamtazama.

“Mama Nasra, nakwenda Mombo. Nitarudi saa tano.”

Mwanamisi alishika mwiko asijue auweke wapi. Akamwambia safari njema. Mumewe akaitikia kwa kichwa, akaenda sebuleni, akakaa kwenye mkeka, akaondoka. Saa tano kasoro alirudi jikoni kuomba maji, akasema barabara ilikuwa nzuri ila pale darajani watu wanaendesha kama wanafukuzwa.

Ikawa desturi. Leo Mombo, kesho Tanga, keshokutwa anapita tu juu ya Magamba kutazama mawingu, maana kwenye ile mashine hata mawingu yalikuwepo. Kila safari alimuaga, na kila aliporudi alileta habari. Mwanamisi alianza kumwekea maandazi mawili kwenye karatasi ya njiani, naye aliyachukua bila kucheka. Sala ya alasiri Mwanamisi aliinua mikono akawaombea dua watu waliotengeneza kile kideo, popote walipo na dini yoyote waliyo nayo, ambao hawakujua kama duniani kuna mahali paitwapo Lushoto na bado wamemrudishia mume wake hadi mlangoni mwa jikoni. Alimshukuru Mungu kwa miguu ya Nasra kuvimba. Kisha akaona aibu, akaomba ivimbuke, lakini polepole.

Lakini lile moja lilibaki. Mume alisema naye, ndiyo, akija mwenyewe, akisimama mbele yake. Yeye akimwita kwa nyuma, hakuna kitu. Siku moja alimwuliza akiwa mlangoni kama mjukuu akiwa wa kike wampe jina la mama yake Ismaili, bibi aliyewalea wote. Mumewe aliendelea kubonyeza vitufe vyake. Jambo kubwa kama hilo, na hakugeuza hata shingo. Mwanamisi alirudi jikoni akasema moyoni, amenisamehe nusu. Nusu nyingine bado iko pale kwenye kona.

Wiki ya tatu ya Nasra kuwapo, jirani yao Bi Asha akafariki. Alikuwa mzee, amelala siku nyingi, watu wakasema amepumzika. Huku kwetu msiba ukiwa jirani redio haziimbi mpaka hitima isomwe, hata kama marehemu alipenda muziki. Ismaili alikwenda mazishini, akabeba jeneza zamu yake, akarudi. Kesho yake asubuhi Nasra aliona baba yake anazunguka zunguka pale sebuleni. Akamnong'oneza mama yake kwamba picha bila sauti haimuudhi maiti wala mfiwa. Mwanamisi alisita. Aliogopa maneno ya watu, ila aliogopa zaidi kile kiti cha kamba. Akakubali. Nasra akaifunga sauti ya televisheni yote, ikatokea alama ndogo nyekundu chini ya kioo, akaenda chumbani kulala. Hakumwambia baba yake kitu, kwa kuwa hapakuwa na la kumwambia. Angesikia mwenyewe kuwa hasikii.

Siku ile na ya pili yake Ismaili alisafiri kama kawaida.

Ya pili hiyo, kabla ya adhuhuri, Mwanamisi alirudi kutoka msibani kuchukua sinia kubwa la wali. Alilitoa kabatini, akapita nalo sebuleni. Mumewe alikuwa kwenye mkeka, anateremka mlima. Akakaribia kona. Mwanamisi aliona kidole gumba chake kikibonyeza honi, kwa muda mrefu, na kwenye kioo hakikutoka chochote, hata mlio wa injini. Ismaili akainamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza. Akatazama kile kiduara cha pembeni. Kidoti kilikuwa kinapanda.

“Amejibu mbili,” akasema peke yake, ameridhika. “Huyu ana mzigo.”

Akajibana pembeni, akangoja.

Mwanamisi alisimama. Akatazama ile alama nyekundu, akamtazama mumewe. Akasema kwa ile sauti yake kwamba sauti ya kideo imefungwa. Shingo ya mumewe haikutikisika. Akasema tena, akiongeza kidogo. Na sijui kama sinia lilimponyoka au mikono iliamua yenyewe, lakini liliangukia sakafu ya sementi, likazunguka, likalia mlio wa kuamsha mtaa. Kuku nje walitawanyika. Nasra aliita kutoka chumbani akiuliza nini kimevunjika.

Ismaili alikuwa amekaza macho kwenye kidoti chake, anasubiri kipite.

Sinia lilizunguka mpaka likatulia. Mwanamisi hakuliokota. Mambo ya miaka mitatu yalikuwa yanampitia moja moja kama magari yanayopishwa. Chai au uji. Mbuzi na kesho. Safu ya mbele ya msikiti, mahali ambapo mtu humwona imamu akiinama. Ile chai ya stendi, ambako madereva kumi huongea kwa pamoja. Yale macho yanayomtazama mtu mdomoni. Jina la mjukuu. Na yeye siku zote akiishusha sauti, akiishusha, akifikiri anaomba radhi.

Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa shukrani, nakwambia ukweli. Hakununa. Si mimi niliyemnunisha. Hakuwa amenuna. Alimshukuru Mungu pale pale, amesimama, machozi yakimfika kidevuni, kwamba mume wake ni kiziwi tu. Halafu akajisikia alivyosema, akaomba radhi kwa Mungu kwa kushukuru jambo kama hilo, halafu akashukuru tena, maana moyo haukutaka kungojea adabu.

Nasra alifika mlangoni ameshika kiuno, akaliona sinia chini, akamwona baba yake, akafungua mdomo. Mama yake alimzuia kwa mkono.

Akazunguka. Hakupita nyuma ya mumewe safari hii. Alipita mbele, akakaa kwenye mkeka karibu na televisheni, magoti yake yakagusana na ya Ismaili, khanga ya msibani ikiwa bado kichwani. Ismaili alishtuka kidogo kumwona ametokea ghafla. Akatazama uso uliolowa, akatazama mdomo, akauliza kwani msiba haujaisha, kafa nani tena. Mwanamisi alitikisa kichwa. Akamshika mkono ulioshika pedi. Aliwaza mama yake huko Mlalo, akamwomba amwie radhi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa alipaza sauti, neno moja moja, mdomo wazi kama anayefundisha mtoto herufi, kiasi kwamba hata wafiwa wa ng'ambo ya ua walimsikia.

“Baba Nasra. Siku ile kwenye lori. Ulikuwa unampisha nani?”

Ismaili hakujifanya kuuliza siku ipi. Aliiweka pedi chini taratibu. Gari lake lilibaki pembeni ya mlima, na lile jekundu likapanda, likampita, likaenda zake.

“Lile basi dogo,” alisema. “La kona ya juu. Lilipiga honi?”

Mwanamisi alinyanyua vidole viwili mbele ya macho yake.

“Mbili,” akasema. “Zilisikika sana. Nilidhani umekusudia kumbania.”

Ismaili alivitazama vile vidole. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama dereva aliyeonyeshwa hatimaye karatasi ya kosa aliloshakiri kitambo.

“Sikusikia hata moja,” akasema. “Miaka arobaini na moja sikukosa honi ya mtu, na siku ile nilikosa mbili, na wewe umekaa kushoto kwangu, upande wa bonde, umeshika kikapu cha dada yako. Nikasema kona inayofuata nitasimama. Nitazima kila kitu, nitatoa kichwa nje, nitangoja mpaka nisikie. Nikaona wewe unacheka. Niliona meno, Mama Nasra, kicheko sikukisikia. Nikajua basi.”

Alipangusa kidevu cha mkewe kwa ncha ya khanga yake.

“Nilikuwa nampisha nisiyemsikia.”